Naombwa nishone lebo ya "rafiki wa mazingira" kwenye batiki zangu, na mchicha wa jirani umeungua

MkonoWaNta, Mbagala

Habari za humu, wakubwa shikamooni.

Natengeneza batiki nyumbani, huu mwaka wa tisa. Niko na binti mmoja wa kunisaidia, na mdogo wangu akifunga chuo anaingia naye. Kwa wiki tunatoa mita 60 hivi, msimu wa harusi zinafika 100. Sina karakana. Nina uwa, majiko ya mkaa mawili, mabeseni, na kamba tatu za kuanikia.

Kuna dada ana duka Stone Town, kila mwezi ananichukulia mita 30. Mwezi uliopita akanitumia sauti kwamba watalii siku hizi wanauliza nguo imetengenezwaje, kwa hiyo nishone kalebo kadogo kameandikwa "Rafiki wa mazingira", Kiswahili juu, Kiingereza chini. Ataniongezea sh 2,000 kwa kila mita. Nikamjibu sawa dada, hilo dogo. Nikapiga na hesabu ya hizo elfu sitini za mwezi, nikazigawa kabla hazijaja.

Haikupita wiki. Mama mmoja mwenye bustani ya mchicha kule bondeni, maji ya mtaro wetu yanapoishia, akaja kubisha hodi. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja na fungu la mchicha, majani yamejikunja, ncha zimeungua kama zimebabuliwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo maji yako yana nini?" Nikamwambia ni rangi tu, mama, rangi ya nguo. Akaniangalia. "Rangi siioni mimi. Yakifika kwangu ni meupe."

Hilo neno limenikosesha usingizi, kwa sababu ni kweli. Mtaro hapa nyumbani una alama za bluu na kahawia, lakini ukishuka hatua 40 maji yanang'aa.

Kipimo changu ni hiki nilichofundishwa na aliyenifundisha: kwa mita tano, rangi vijiko viwili, kostiki (ile soda kali) vitatu, haidrosi (unga wa kusaidia rangi iyeyuke) vitatu, maji ya moto ya kuyeyushia, halafu najazia ya baridi hadi beseni lifike lita 15 au 20. Nachovya, naanika, nasuuza, nachemsha kutoa nta ya mchoro, nasuuza tena. Vyote vinaishia mtaroni. Baada ya yule mama kuja nilianza kumwaga usiku. Naliandika hili kwa aibu, ila mkinishauri bila kulijua mtakuwa mnamshauri mtu mwingine.

Ninachouliza: haya maji mtu wa hali yangu anayafanya nini? Msinitajie mtambo wa mamilioni. Na hiyo lebo, niishone au nimwambie yule dada ukweli?

Kijana_wa_Fasta

Dada unajitesa bure. Kuna viwanda vinamwaga maji yenye rangi mpaka mto unabadilika, na hakuna anayelala macho wazi. Wewe ndoo tatu nne? Subiri mvua, mwaga, yanaenda zake. Lebo shona, pesa ndiyo hiyo.

MkonoWaNta

Mvua ikinyesha, kaka yangu, maji ya mtaro yanapita kwanza katikati ya matuta yake ndipo yaende huko zake. Nimekwenda kuangalia.

Mstaafu_wa_Jiga

Marahaba binti yangu. Nilifanya kazi miaka 22 idara ya kutia rangi kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar, zamu ya usiku kwa sehemu kubwa, mashine za jiga, zile za kupitisha kitambaa kwenye rangi. Nasi tulikuwa tunamwaga mtoni, na tulimwaga usiku, kwa hiyo usidhani umevumbua kitu.

Yule mama amekupa jibu lote. Wewe unaogopa rangi kwa sababu inaonekana. Rangi yako ndiyo kitu chenye madhara madogo kuliko vyote ulivyomwaga.

Angalia kitambaa cha bluu kinapotoka beseni. Kinatoka na rangi ya kijani-njano, sivyo? Ukikitandaza kwenye upepo kinageuka bluu mbele ya macho yako. Rangi za aina hii haziyeyuki kwenye maji. Kostiki na haidrosi ndizo zinazoilazimisha iyeyuke ili iingie ndani ya uzi, na ikikutana na hewa inarudi kuwa chembe ngumu, inabaki humo ndani ya uzi. Ndiyo maana haichuji. Sasa kinachotokea kwenye nguo kinatokea na mtaroni: maji yakitiririka yanapata hewa, rangi inarudi kuwa chembe, inakamata kwenye tope na mawe ya hapo kwako. Zile alama za bluu ndizo hizo. Kinachoendelea kushuka, cheupe kama maji ya kisima, ni kostiki. Hiyo ndiyo iliyobabua mchicha. Hata mikono yako ukisahau glavu inakwambia.

Haidrosi nayo ina kazi yake: inanyonya oksijeni ya maji. Kwenye mto, samaki wanakufa kwa kukosa pumzi hata kama hakuna sumu nyingine.

Fanya hivi. Maji ya beseni yaliyobaki usiyamwage. Yahamishie kwenye beseni pana, yaache wazi siku nzima, kila ukipita yakoroge na mti, au yamimine kutoka ndoo hii kwenda ile yapigwe na upepo. Utaona rangi inarudi ilivyo, halafu inaanza kushuka chini kama mashapo ya togwa. Hapo haidrosi nayo imekwisha nguvu.

Baada ya hapo, na nasema BAADA, ndipo utie tindikali ya kuua kostiki. Ukitia tindikali wakati haidrosi bado mbichi, utatoka moshi usioonekana wenye harufu ya kiberiti unaokaba kifua. Mwenzangu mmoja alibebwa nje kwa sababu hiyo. Hewa kwanza, tindikali baadaye, na iwe nje, si chumbani.

Siki ya dukani inafaa, ila utahitaji zaidi ya lita kwa beseni moja, itakufilisi. Tafuta ile sitriki ya unga wanayouza kwa watengeneza juisi. Vijiko vitatu vya kostiki, kama ni vijiko vya haki, ni gramu 45 hivi, na kuviua vyote kwa sitriki unahitaji gramu 70. Lakini sehemu ya kostiki haidrosi imekwisha kuila wakati maji yanapigwa na hewa, kwa hiyo hutafika huko. Tia gramu 30, koroga, pima, ongeza kidogo kidogo. Kupima utataka vile vikaratasi vinavyobadilika rangi. Ukivikosa, chemsha rozela, ile choya ya juisi, bila sukari. Tone lake kwenye tindikali linabaki jekundu, kwenye kostiki linageuka kijani. Wewe unataka lisiwe hili wala lile, zambarau iliyofifia.

Yakishatulia, twanga mbegu za mlonge au tia shabu kama kijiko cha chai kwa ndoo, koroga taratibu, yaache yalale. Bibi zetu walisafishia maji ya bwawa hivyo hivyo. Shabu haifanyi kazi kwenye maji makali ya kostiki, ndiyo maana inakuja mwisho. Asubuhi chujia kwenye kaniki mbili na ndoo ya mchanga.

Mengine mafupi. Kostiki unaitia kwenye maji, usiimiminie maji juu yake. Usiikoroge kwenye sufuria ya alumini, inaila na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Tumia plastiki ngumu. Kopo la haidrosi lifunge vizuri likae pakavu, likiingia unyevu kidogo huweza kuwaka lenyewe.

Na kabla ya yote hayo: vijiko vyako ni vya kufuta au vya kilima?

MkonoWaNta

Vya kilima, mzee wangu. Na siku nikiwa na haraka, kilima cha Uluguru.

Mstaafu_wa_Jiga

Nilijua. Nunua mizani ya jikoni kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Majani_na_Mizizi

Kwa nini usihamie rangi za asili tukamaliza mjadala? Mdaa, manjano, maganda ya vitunguu, magome ya mkoko, hina. Mabibi zetu walipaka rangi ukili wa mikeka kwa mizizi ya mdaa na hakuna mchicha wa mtu uliokufa. Watalii wanalipa zaidi, na lebo yako itakuwa ya kweli.

MkonoWaNta

Dada yangu, nimewahi. Manjano nilipaka mita nne, zinavutia mno, nikaanika. Mpaka alasiri upande uliotazama jua ulikuwa rangi ya uji. Mteja wa harusi nitamwambia nini, mkae kivulini? Na kwa batiki kuna shida nyingine: rangi hizi nyingi zinataka kuchemshwa na kitambaa, na maji ya moto yanayeyusha nta. Mchoro unaondoka kabla rangi haijashika.

Mstaafu_wa_Jiga

Asili haimaanishi safi. Magome ya mkoko yanatoka kwenye mkoko, na mkoko ukichunwa unakufa, na ndio unaozuia bahari isile pwani. Mdaa unachimbwa mzizi. Kwa mkeka mmoja wa bibi haikuwa neno. Kwa mita 60 kila wiki utamaliza kichaka. Kisha kuni za kuchemshia, na kishikiza rangi. Ukitumia shabu au misumari ya kutu sawa. Ila wapo wanaotumia mrututu ili rangi ikolee, na hiyo ni shaba. Ikifika mtoni ni sumu kwa samaki kuliko chochote alichomwaga binti huyu. Maganda ya vitunguu nakubaliana nawe kabisa, hayo ni takataka za sokoni tayari.

Majani_na_Mizizi

Nimekuelewa, mzee. Ya mkoko nayaondoa. Maganda ya vitunguu nayatetea mpaka kaburini.

Meatu_Shambani

Nimesoma nikacheka hapo kwenye lebo. Mnahangaika na rangi, hiyo shiti yenyewe, kitambaa unachokitia rangi, imetoka wapi? Pamba inakula dawa nyingi shambani kabla haijaiona rangi. Huku Meatu, Simiyu, tuna wakulima wa pamba hai, mradi wa bioRe uko hapa tangu 1994. Hatupigi dawa za viwandani wala mbolea ya chumvichumvi. Tunapanda mistari ya alizeti katikati ya pamba, funza wa vitumba anavutika huko na wadudu wanaomla wanapata makazi. Unatumia samadi, unabadilisha mazao, unaomba Mungu.

Ukiniuliza pamba hiyo unaipata Kariakoo, sijui nikuambie nini. Inachambuliwa, inafungwa marobota, inapanda meli. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii, hai na isiyo hai, inaondoka ikiwa nyuzi, halafu tunanunua kitambaa kilichofumwa kwa wenzetu. Wakati wa viwanda vya nguo, Urafiki kile kilichofunguliwa Ubungo 1968, na Mwatex kule Mwanza, mtu alikuwa anavaa pamba aliyoilima shemeji yake.

MkonoWaNta

Shiti yangu bunda linaandikwa India. Nimekwenda kuangalia baada ya kukusoma.

Faili_la_Kijani

Mimi nimewahi kushughulika na nguo za kuuzwa nje, nitasema la lebo tu.

Maneno "rafiki wa mazingira" peke yake hayana mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuyashona, ndiyo maana hayana thamani kwa mnunuzi anayejua. Vyeti vyenyewe vina masharti. GOTS kwa mfano, cheti cha kimataifa cha nguo za nyuzi hai, inataka angalau asilimia 70 ya nyuzi iwe hai, na inakagua dawa za rangi na maji taka, katika hatua zote za utengenezaji. Huwezi kuipata kwa shiti ya bunda hata maji yako yawe ya kunywa. OEKO-TEX Standard 100 ni kitu kingine: inapima nguo iliyokwisha kutengenezwa kama ina kemikali za kumdhuru mvaaji. Mto hauvai nguo, kwa hiyo mto haumo humo.

Upande wa sheria, usidhani kwa kuwa uko uani haikuhusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na kanuni zake za ubora wa maji za 2007 zinataka maji yanayoachiwa yawe kati ya 6.5 na 8.5 kwenye kile kipimo cha tindikali na kostiki (pH). Beseni lako bila kutibiwa liko 12 na zaidi. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo 12 si "imezidi kidogo".

Na kama unamfungia mteja kwenye ile mifuko laini ya rangirangi iliyokuja baada ya katazo la Juni 2019, ujue nayo ni plastiki. Ile "kama kitambaa" ni polipropilini iliyobanwa. Inaruhusiwa, sawa, lakini usiiwekee lebo ya kijani juu yake.

MkonoWaNta

(Wiki ya tano.)

Samahanini kwa kimya. Nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilinunua mizani, sh 15,000 Kariakoo. Jambo la kwanza nililopima ni kijiko changu. Nikampa binti kijiko na kopo, nikamwambia chota kama siku zote, mara kumi, kila mara tukapima. Kijiko "kimoja" cha kostiki kilikuwa kati ya gramu 18 na 31. Yaani miaka tisa nimekuwa nikisema vitatu wakati natia vitano. Na haidrosi, ambayo ndiyo ghali, vilevile. Sasa natia gramu 40 za kila moja kwa mita tano, na bluu yangu haijapungua hata kidogo. Nyeusi iligoma mwanzoni, ikabidi niirudishe 50. Kopo la haidrosi nililokuwa namaliza kwa wiki mbili linaingia ya nne. Hapo mizani ilikwisha kujilipa kabla sijagusa maji machafu.

Kisha nikabadilisha siku. Zamani nilikuwa napaka rangi kila oda inavyokuja: asubuhi njano, mchana zambarau, jioni mtu kataka njano tena, beseni jipya. Siku hizi Jumanne ni za mwanga, Jumatano za giza. Njano inafuatiwa na rangi ya chungwa kwenye beseni lile lile, kahawia inamalizia. Wateja wawili walinuna kwa kusubiri. Mmoja karudi.

Sasa maji. Siku ya kwanza nilifuata maelezo ya mzee kasoro moja, sikungoja hewa ya kutosha. Nilitia sitriki saa tatu tu baada ya kuchovya. Ile harufu! Tulikimbia kutoka uani mimi na binti, macho yanatoka machozi, jirani akauliza kama tumeunguza kiberiti. Nimekoma. Sasa beseni linalala wazi usiku kucha na siku ya pili yote, limefunikwa wavu tu kuku wasinywe.

Rozela inafanya kazi kweli. Nimeiweka kwenye chupa ya dawa ya macho, tone moja kwenye kisahani cheupe. Mwanzo kijani, natia sitriki, kijani kinakufa, inakuwa kama maji ya kuoshea bilauri ya zambarau. Binti amekuwa fundi wa hilo kuliko mimi. Natumia gramu 30 mpaka 35, mara chache 40. Shabu nimejaribu na mlonge nimejaribu. Mlonge unanukia vizuri lakini ukichelewa kuchuja maji yanaoza, kwa hiyo nimebaki na shabu.

Tope linalobaki nimelikausha juu ya bati. Wiki zote hizi halijajaza kopo la siagi la kilo. Sikujua kwamba rangi yote ile, ikikauka, ni kitu cha kuingia kwenye kopo. Nimeliweka juu mbali na watoto. Fundi wa ujenzi ameniambia ataliingiza kwenye zege la karo akipata kazi.

Nta nilikuwa naimwaga na maji ya kuchemshia, ndiyo maana mtaro ulikuwa unaziba kila baada ya miezi miwili na mimi nalaumu mifuko ya watu. Sasa sufuria inapoa usiku, asubuhi nta imeganda juu kama ukoko, naitoa nzima, nayeyusha tena. Sio nyeupe, ila kwa kugonga mchoro kwa vibao haijali. Nanunua nta nusu ya zamani.

Kusuuza nimeweka mabeseni matatu kwenye mstari. Nguo inaanza chafu, inakwenda la kati, inamaliza safi. Chafu likichoka, la kati linakuwa chafu, safi linakuwa la kati. Ndoo 14 za maji ya kununua zimekuwa 6 au 7. Hili ndilo lililomfurahisha mdogo wangu, yeye ndiye mchotaji.

Mzee, swali lililobaki ni chumvi. Nasikia kostiki ikikutana na sitriki inakuwa chumvi. Maji yangu sasa hayaunguzi, lakini je, naweza kumpelekea mama amwagilie?

Mstaafu_wa_Jiga

Hapana. Hiyo chumvi hakuna kaniki wala mchanga utakaoitoa. Maji ya namna hiyo yakimwagiliwa kila siku udongo unafunga, unakuwa kama sakafu, mvua ikinyesha maji yanasimama juu. Yatumie kwanza kwenye beseni lako chafu la kusuuzia, kisha yaende kwenye karo pamoja na maji ya nyumbani, sio mtaroni. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanyia utafiti vidimbwi vya matete miaka mingi kwa maji taka, na ukija kupata nafasi kubwa na wenzako watano sita, jengeni kimoja. Lakini hata matete hayali chumvi. Dawa ya chumvi ni ile uliyokwisha kuifanya, kutoitia tangu mwanzo. Ulikuwa unatia gramu 75 hivi, siku nyingine hadi 90, sasa 40. Nusu ya tatizo lako ilikuwa kwenye kijiko.

Na udongo wa yule mama umekunywa miaka tisa. Mwambie atie samadi kwa wingi, na akipata jasi ya unga, ile ya shambani, si vipande vya dari, aichanganye kwenye matuta na kumwagilia maji ya kisima mengi. Jasi inaifukuza sodiamu ishuke chini. Ingefaa ulipie wewe.

MkonoWaNta

Nitalipia, mzee.

Ya lebo sijasema. Nilimtumia dada wa Stone Town sauti ya dakika sita, nikamweleza yote, mpaka ya kumwaga usiku. Siku mbili hakujibu. Nikajua nimepoteza mita 30. Siku ya tatu akaniuliza, basi unaweza kuandika nini ambacho nikiulizwa dukani siaibiki? Nikamwandikia hivi: "Maji ya rangi ya kitambaa hiki hayakumwagwa mtaroni. Nta imetumika zaidi ya mara moja. Pamba ni ya dukani, si hai." Akasema lebo ndefu kama mkeka wa ngoma. Ila amekubali, ile elfu mbili ameipunguza, ikawa elfu moja mia tano. Mifuko nimeacha, nafunga kwa vipande vya batiki vilivyoharibika.

Na yule mama jana kaja tena, hodi ile ile, na fungu la mchicha. Huu majani yake yamenyooka, mabichi. Nikadhani ananiletea zawadi nikaanza kushukuru. Akasema, "Usishukuru. Huu wa tuta la karibu na mtaro. Upike wewe kwanza, ule, kesho nitapita kukuangalia."

Kijana_wa_Fasta

Ulikula?

MkonoWaNta

Nilikula. Niliunga na nazi. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu alikuwa mlangoni.